Oili, Si Grisi

Natandaza gunia juu ya mawe ya ua,
naiinua Herald kwa jeki, naweka magogo chini ya fremu
(jeki siiamini; ni chuma kinachosimama kwa ahadi),
kisha najisukuma kwa visigino, mgongo chini,
mpaka uso wangu unatazamana na tumbo lake.

Huku chini ni mji wa viungo.
Fimbo za usukani, na vifuniko vyake vya mpira
vilivyopasuka kama midomo ya mwenye homa.
Springi zina kutu, maana kisiwa hiki
hata upepo wake una chumvi, na ukivuma toka kusini
huleta vumbi la jangwa la ng'ambo,
ukayapaka magari yote ya Nadur rangi moja.

Naanza juu, kwenye boljointi. Hiyo haina maneno:
bomba la grisi, mikamuo mitatu,
ya zamani inatoka pembeni, nyeusi, nzito,
inafuatwa na mpya, rangi ya asali.
Nafuta kwa kitambaa. Kilikuwa shati langu la kazi,
miaka ile nikifunga kamba za feri pale Mġarr.

Kisha nashuka kwenye kiungo cha shaba,
na hapo bomba naliweka chini.
Nachukua lingine, limeandikwa kwa rangi nyekundu,
mwandiko wa dada yangu:
OILI.

Salvina aliniambia. Alikisoma kitabu cha gari
jikoni, miwani puani, huku akitoa kokwa za zeituni:
"Ġuż, hapa wamesema oili. Oili nzito, ya giaboksi.
Grisi haifiki kwenye nyuzi za ndani."
Nikamjibu kitelezi ni kitelezi,
nimelainisha minyororo ya nanga wewe hujavaa miwani.
Miaka sita nikashindilia grisi.
Gari likakaa kimya. Nikadhani kimya ni shukrani.

Kumbe grisi iliishia mlangoni,
ikakauka, ikawa nta, ikawa kizibo,
na ndani chuma kikasagana na shaba
kavu kwa kavu, kila kona niliyokata.

Watu husema majuto ni mjukuu.
Yangu hayakungoja kuzaliwa; yalikuja yamevaa shela,
yameketi kiti cha nyuma, yameshika maua meupe:
Dorotea, binti wa Salvina, Jumamosi ya Septemba,
kona ya mwisho kabla ya kanisa, mwendo wa punda.
Nikakata usukani kushoto. Mlio mmoja, mkavu,
kama mtu kavunja lozi kwa meno,
na gurudumu la kulia
likajikunja chini ya bawa lake, likalala.

Hakuna aliyeumia. Hilo nalisema haraka kila nikisimulia.
Kengele zilikuwa zinalia; zikaendelea kulia.
Dorotea akafungua mlango, akalitazama gurudumu,
akanitazama mimi,
akakusanya gauni kwa mikono miwili, akatembea.
Pindo lilizoa vumbi la chokaa. Katika picha zote limo,
mstari wa manjano, kama bahari ilipofika ikarudi.
Salvina hakusema kitu.
Angesema, ningepona mapema.

Sasa nabana bomba. Moja. Mbili. Oili haina pupa,
inapanda uzi kwa uzi, inapapasa.
Nalizungusha gurudumu kulia, nalirudisha kushoto,
nabana tena, nangoja ichungulie juu,
tone zito linalening'inia, linafikiri,
kisha linanidondokea kwenye paji la uso.
Hiyo ndiyo dalili. Silifuti upesi.

(Bushi za mpira sizigusi. Mpira na oili havipatani;
hilo nalo nililijua kwa pesa yangu, lakini ni kisa kingine.)

Dorotea yuko Melbourne, ana watoto wawili.
Hupiga simu Jumapili, huuliza goti la mama yake,
huuliza kama mvua imenyesha, bei ya samaki.
Kisha hunyamaza kidogo. Nami huku nikishika simu
kwa vidole vyenye weusi usiotoka kwa sabuni,
najua kinachokuja:
"Mjomba, mwezi huu umeweka nini?"