Namba Kumi Haijashonwa

Agosti. Nairobi imejifunika blanketi la kijivu
na haitaki kuamka.
Nahodha Gathogo amenitulia gunia mezani:
jezi kumi na nane, mbili zimepotea,
moja ina doa la damu ya pua
lililoishinda hata Jik.
"Fundi," akasema, "mwaka huu tunapanda."

Mwaka jana alisema hivyo hivyo.
Mwaka juzi pia, akiwa na nywele nyingi zaidi.
Nami kila mwaka hupima uzi, huulamba ncha,
huupitisha tunduni mwa sindano
kama mtu anayeisikia ahadi hiyo
kwa mara ya kwanza.

Sisi ndio Shoka la Mbotela.
Watu wa Hamza hutuuliza, mpini mliuacha wapi?
Msimu uliopita tulikuwa wa kumi na nne kati ya kumi na sita,
tukaponea kwa bao la dakika ya tisini na tatu:
mpira uligonga goti la beki wao
ukarudi golini kwao
kama ng'ombe anayelijua zizi.
Bao hilo nimelisimulia
hadi limekuwa zuri.

Saa kumi na mbili asubuhi nawaona wakipita kando ya reli,
pumzi zikiwatoka kama chai.
Mbele ni Kocha Nzuki, filimbi na kofia ya sufi.
Nyuma kabisa kijana mgeni, Oluga,
soksi moja nyeusi, moja ya shule.
Miguu yake ni kama mkasi wangu mzuri:
huuoni ukifunguka,
unaona tu kitambaa kimekatika.
Jana alimpita Shikuku mara mbili.
Shikuku akakaa matopeni, akacheka.
Shikuku! Hakuwa amecheka
tangu tulipofungwa sita kule Kahawa.
Nami nikaisahau pasi juu ya suruali ya mwalimu Wanzala.
Alama ipo.
Nitamlipa tukipanda.

Najua, najua.
Koni hazikabi.
Koni hazipigi kiwiko refa akigeuka.
Nilimwambia Kalekye, dalili ya mvua ni mawingu,
akainua macho kwenye mchele anaopeta:
"Mawingu ya Agosti, baba Mumo?
Umeishi Nairobi miaka mingapi?"

Nimeshashona moja, ya Lumbasi,
mabega mapana, mikono ya kudaka hata deni.
Nimeshashona nne na sita.
Kumi nimeibandua.
Ilikuwa ya Onyiego,
aliyechukuliwa na timu yenye basi.
Simlaumu. Mama yake anaumwa figo,
na sisi nauli tunachangishana.
Lakini pale namba ilipokuwa
kijani kimebaki kibichi,
kumi nyingine, isiyopauka,
iliyochorwa na jua lisilofika.
Atakayeivaa
atavaa na hiyo ya chini.

Sidai kombe.
Kombe tungeliweka wapi, kwa kinyozi?
Nataka Jumamosi tano mfululizo
nitembee hadi kwa muuza maziwa bila kuulizwa kitu.
Nataka refa mmoja aliyelala vizuri.
Nataka wenye basi waje hapa,
washuke na viatu vyao vya rangi ya chungwa,
waujue mteremko wa kona ya choo.
Nataka kupauka kwa sauti Jumapili kanisani
nikitingisha midomo tu, wimbo ukiimbwa na wengine.

Na hata hayo si lazima leo.
Leo jedwali ni tupu.
Sisi sufuri, wenye basi sufuri,
na sijui kama kuna sufuri tamu
kuliko hii ya kabla ya filimbi.

Jioni Oluga ameingia, ameinama mlangoni,
kaptura inamvuka, anataka mpira kiunoni.
Nikampima na mabega pia.
"Ya nini, fundi?"
Ya mazoea, nikasema, pini zikiwa mdomoni.

Kocha hajatamka jina.
Kumi nimeibana kwa pini nne tu,
inaweza kutoka bila kuacha tundu.
Lakini uzi nimeshaukata.
Mrefu kidogo, kuliko inavyohitajika.