Sahani Yenye Alama

Kilo thelathini na nane.
Muuguzi wa Imphal aliiandika kwa kalamu nyekundu,
kisha akanitazama mimi, si mwanangu:
"Ima Ibemhal, huyu anakula nini?"

Nikaona haya kujibu.
Nilimtengea sahani ya bati,
nikaitia rangi ya kucha ukingoni
isije ikachanganyika na zetu.
Na ndani yake? Wali wa jana,
samaki wa kuvundika ninaowauza soko la akina mama,
na pilipili ya kwetu
imtoayo machozi hata anayeichuma.
Ulimi wa Tomchou ulikuwa na utando mweupe,
kila tonge kaa la moto.
Akiisukuma sahani, nasema: anadeka.

Dawa alizimeza juu ya tumbo tupu,
zikamzungusha kichwa, zikamtapisha,
akaanza kuzificha chini ya godoro.
Nilizikuta siku ya kufua.
Kumi na saba.

Basi, kwa miaka yangu hamsini na sita,
nikajifunza kupika upya.
Pilipili nikaiacha
(jirani akauliza: kuna msiba?)
Nikaponda wali na boga hadi ukasahau punje zake,
nikavunjia yai la bata, nikatia ufuta,
maji nikayachemsha hadi yakalalamika.
Samaki mbichi wa ziwa Loktak
nikamtoa miiba mmoja mmoja
kama enzi za Tomchou mwenye meno manne.
Kidogo. Tena kidogo. Mara sita kwa siku.

Sisemi uji unaua kirusi;
muuguzi alinionya, na mimi si mjinga.
Lakini dawa nayo ni mgeni,
na mgeni gani hukaa
nyumba isiyofuka moshi?

Arobaini na moja.
Barabara ikafungwa, mchele ukapanda bei,
tukarudi thelathini na tisa.
Nikauza hereni.
Arobaini na nne. Arobaini na nane na nusu:
ile nusu aliisoma mwenyewe, kwa sauti,
kliniki nzima ikasikia.

Jana aliingia jikoni, akafunua sufuria, akakunja uso:
"Ima, pilipili iko wapi?"
Nikageukia ukutani,
machozi yakitangulia pilipili.

Ile rangi niliikwangua kwa kisu.
Umebaki mkwaruzo.
Siku hizi ni sahani yangu mimi,
sahani yangu ya kulia,
na neno hilo nimeliacha lilivyo.