Nusu Milimita

Ruaraka, chumba cha picha, saa nne asubuhi.
Feni imekufa tangu Pasaka.
Natoa sanduku la mwaka arobaini na nane,
napuliza vumbi, navaa glavu za pamba,
naziweka picha mbili chini ya stereoskopu,
zinafanana kama pacha wasiosemezana,
nami nangoja macho yakubaliane.

Kwanza ukungu. Kisha, ghafla,
Riruta inainuka kutoka kwenye karatasi:
kilima kinavimba kama andazi mafutani,
mti una kimo, kibanda kina kivuli,
mto unazama chini ya pua yangu.
Rubani alipita juu ya migomba
asijue kwamba alikuwa anaandika wosia.

Sina haja na nyumba. Natafuta mistari.
Mpaka huutambui kwa unene wake
bali kwa jinsi vitu viwili vinavyokataa kuchanganyika:
viazi huku, mahindi kule,
na katikati uzi mweusi wa itoka,
lile ua la mizizi minene walilopanda wa kale
kwa kuwa mbuzi halitaki, moto hauliui,
na jirani akiling'oa usiku
shimo litamsema mchana.

Kwa kalamu nyekundu naufuata uzi huo
juu ya karatasi angavu,
kisha naulaza juu ya picha ya mwaka huu.
Mabati. Mabati. Tangi la maji. Mabati.
Kanisa la paa la buluu.
Mstari wangu unapita katikati ya saluni,
unamkata kinyozi kiunoni,
unaingia chooni kwenye ghorofa ya Kamwaro
na kutokea upande wa pili bila hodi.
Ni uwanja wa shule tu unaokumbuka:
Januari, nyasi zote zikishakauka,
utepe mmoja hubaki kijani penye mtaro wa zamani.
Watoto wameufanya mstari wa kati.

Leo sifanyi kazi ya serikali.
(Msinisemee kwa mkubwa wangu.)
Natafuta shamba la nyanya yangu, Nyaguthii.

Kwetu tulilelewa kwa sentensi moja:
Gatheca alikula shamba letu.
Tuliitafuna na githeri, tukaiteremsha kwa chai.
Kwa sababu yake hatukununua makaa kwao,
hatukwenda mazishi yao,
na mimi, darasa la sita,
nilimnyima mjukuu wake Wangeci raba
nikijiona shujaa.

Hii hapa arobaini na nane:
itoka, kona ya mto, mkaratusi mmoja pembeni.
Hii hapa sitini na moja:
mkaratusi uko palepale.
Itoka imetembea.

Imetembea kuelekea kwao.

Nimepima mara tatu. Nimefuta lenzi.
Nimelaumu kivuli, nimelaumu jua,
mtetemo wa ndege, karatasi iliyonyauka.
Nusu milimita.
Ardhini ni hatua saba
za mwanamke mwenye jembe gizani,
anayehamisha maua shina kwa shina,
anayeshindilia udongo kwa kisigino,
na nyumbani watoto watano hawajashiba.
Au walikuwa wameshiba. Sijui.
Picha haina sauti,
na ukitazama kutoka juu
mwenye njaa na mwizi
wana kivuli cha urefu mmoja.

Saa kumi na moja narudisha sanduku.
Karatasi angavu sikuirudisha;
nimeikunja, imo ndani ya koti,
inachakarisha kila nikipumua.

Wangeci ana duka la vioo karibu na Kongo.
Nimesimama mlangoni
kati ya sura zangu kumi na mbili
na hakuna hata moja iliyojua pa kuanzia.
Akaniangalia. Akanijua, nadhani.
Akauliza kama nataka kioo cha bafu.
Nikasema ndiyo.

"Vipimo?" akauliza,
akivuta futi kutoka mfukoni.