Kisanduku Ukutani

Lushinge alikuja na ngazi ya kuazima,
akapigilia kisanduku cheupe ukutani kwangu,
upande wa jikoni, chini kidogo ya bati.
"Mama Minza, hiki hakili, hakinywi,
kinavuta pumzi tu."
Nikacheka. Hapa Buswelu nani havuti?

Saa kumi na moja alfajiri nawasha kuni za mandazi.
Moshi unapanda hadi usawa wa dirisha, unasita
kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa,
kisha unalala.
Baridi imeshuka usiku kucha kutoka kwenye mawe ya kilima,
hewa ya joto imekaa juu yake, mfuniko wa sufuria,
nasi tumo ndani, tunaiva polepole:
mimi, na jaa la Bugumba linalofuka tangu juzi,
na vumbi la malori ya kokoto
lisilojua pa kutua.

Hadi saa nne, ziwa likiamka.
Hatulioni kutoka huku, ila shuka kambani
inafura tumbo kuelekea mashariki,
na moshi wetu unakwenda Kisesa bila nauli.
Usiku upepo hugeuka.
Kisesa huturudishia, na riba.

Mwezi wa nane akarudi na karatasi.
Aling'oa unywele kichwani mwake, akaniwekea kiganjani:
chembe thelathini zikipangwa ubavu kwa ubavu
ndipo zitimize upana huu.
Halafu akanionyesha mstari.
Umelala, umelala,
saa kumi na moja unasimama wima
kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nikalijua jina.
Yeye hakulitaja. Alikuwa anakula andazi.

Chumbani Minza akakohoa, mara mbili, kisha tatu.

Sasa nawasha saa tatu unusu, shuka ikianza kucheza.
Makondakta wa alfajiri wamenihama,
wanakunywa chai kavu, wananisalimu kwa mbali.
Ada ya shule haijui habari za upepo.

Leo nimeamka saa ileile, kwa mazoea,
nimesimama mlangoni, khanga begani, jiko langu baridi.
Harufu ya kuni ikanifikia hata hivyo.
Za nani?
Giza halina anwani.
Juu ya kichwa changu kisanduku kinavuma, chembamba, hakisemi.

Minza amekohoa mara moja.
Nangoja ya pili.