Barafu Haitibu

Tulifunga toleo Jumanne, saa sita usiku,
ghorofani, juu ya duka la matairi pale Kibuye.
Adhola alihesabu dakika kwa kidole.
Khavere alikuwa amelala, paji la uso kwenye kibodi,
na skrini yake ikijaa jjjjjjjj mpaka chini.

Kuanzia hapo hakuna kuingiza, hakuna kutoa.
Linux yetu ya mashuleni imeganda:
programu mia tisa na ushei, kila moja na namba yake,
zimelala kama mbuta katika sanduku la Nyar Asembo,
barafu juu yao, gunia juu ya barafu.

Nilijua.
Niseme kweli, nilijua tangu Jumamosi.
Programu ya orodha za madarasa ina mdudu:
ukichapisha, jina la mwisho linadondoka.
Moja tu. La mwisho tu.
Aliyeiandika alikwisha mtoa mdudu huyo
katika toleo jipya, ila jipya lina mapya yake,
na mlango wa mapya, kwa kanuni niliyoiandika mimi,
ulikuwa na komeo tangu mwanzo wa mwezi.
Zimwi likujualo, nikawaambia, halikuli likakwisha.
Adhola akauliza:
"Kwani hili litakula wangapi?"

Nyar Asembo nilimuuliza siku nyingine,
nikinunua kichwa cha mchuzi,
kama barafu humponya samaki.
Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa.
"Barafu haitibu. Aliyeingia ameoza
atatoka ameoza, ila atakuwa amechelewa."

Simu ya kwanza ilitoka Butere, mwalimu Mukolwe:
"Zipora hayupo.
Yupo darasani, namwona, anatafuna kalamu,
lakini kwenye karatasi hayupo."
Kurekebisha sikuweza. Nikampa hila:
ongeza mtoto wa bandia baada ya Zipora,
mwite Zuzu,
mdudu atamla yeye.

Basi Zuzu akaandikishwa Butere,
kisha Khwisero, kisha Luanda, kisha Yala,
shule arobaini na moja kwa muhula mmoja.
Hana sare, hana dawati, hadaiwi karo.
Kila mtihani anaporomoka ukingoni mwa karatasi
badala ya mtoto wa mtu.
Kuna usiku nilimwonea huruma,
nikajicheka, nikazima taa.

Miaka miwili, ndio umri wa barafu yetu.
Tukafungua. Tukaweka programu iliyopona,
tukaijaribu kwa majina elfu, hakuna lililodondoka.
Khavere alileta chapati na ndengu,
tukala tumesimama, mikono ikinuka mafuta.

Wiki ya tatu, Butere tena.
Mukolwe alikwisha hamishwa;
huyu ni mwalimu mgeni, Bi Aseyo, sauti kavu:
"Kuna mwanafunzi hapa, Zuzu, jina moja tu.
Sijawahi kumwona.
Ana sufuri katika kila somo,
ameburuta wastani wa darasa zima,
na mkuu wa shule anataka mzazi wake Jumatatu."

Chini, dukani, mtu aliangusha spana.
Nikaisikiliza mpaka ikanyamaza.
"Mzazi ni mimi," nikasema.
"Nije na nini?"