Viatu, Jozi Moja

Kazi yangu si funguo.
Mimi ni stoo: dirisha dogo, daftari kubwa,
na magunia ya vitu ambavyo watu huviacha
wakiingia Kodiaga.
Mkanda. Simu isiyo na chaji. Tasbihi.
Ufunguo wa chumba kilichokwisha kupangishwa mtu mwingine.

Ogweno Rading' nilimtoa mwezi wa tatu, asubuhi ya mvua.
Akatia sahihi mahali pa kutia sahihi.
Nikamkabidhi suruali ambayo kiuno chake kilikuwa kimeikimbia,
nauli ya kumfikisha mjini, basi,
na viatu vyeusi, namba nane, soli nzima,
maana kwa miaka minne havikukanyaga kitu.
Na cheti: fundi seremala, daraja la pili.
Cheti kizuri. Karatasi nzito.
Muhuri wa gereza umekaa chini, mwekundu,
kama jicho lililokosa usingizi.

Amerudi Novemba.

Watu huniuliza, hata kasisi aliniuliza juzi,
kwa nini hawa hawakomi?
Wengine husema ni ugali wa bure.
Wasemao hivyo hawajawahi kuula.
Mimi vitabu sivijui. Nasoma viatu.

Kisigino cha kulia kimelika upande:
hiyo ni Kibuye, karakana hadi karakana,
akinyoosha cheti, na kila tajiri
akianza kukisoma kutoka chini, kwenye muhuri.
Udongo mweusi ulioganda mishononi:
hiyo ni Nyalenda, chumba cha bati,
ambako baiskeli ikipotea usiku
mlango wake ndio hubishwa kwanza,
na akina mama huanua nguo mbichi akipita,
jua likali, wingu hakuna.
Mbegu za nyasi ndani, kwenye vidole:
alikwenda kwao Seme,
akakuta kaburi la mamake limeota majani
na shamba lina seng'enge ya mtu asiyemjua.
Kamba ya kushoto ni waya wa umeme.
Hiyo siijui. Sikuuliza.

Simtetei.
Mlinzi wa Obunga, mzee Shitsama,
alivunjwa mkono usiku ule
kwa ajili ya randa na misumeno miwili.
Mfupa wa mzee hauungi upesi.
Nalisema na hilo, ingawa daftari halina safu yake.

Lakini kuna alama moja kwenye viatu vile
niliyoijua kabla sijavishika:
chokaa, ukingoni, mstari mwembamba.
Ni ya mawe ya mbele ya nyumba yangu,
yale tunayoyapaka kila mkaguzi akija.
Alifika Juni. Alisikia mke wangu anataka kabati.
Hakuketi. Alipima ukuta kwa shubiri,
akataja bei ya mtu mwenye njaa.
Nikamwambia, nitakupigia.
Namba yake nikaiandika nyuma ya risiti ya unga.
Mimi, Amukowa, niliyeandika kwa mkono huu huu
kwenye faili lake: tabia njema, anaaminika.
Kabati likatengenezwa na mtu wa Kondele.
Sikumjua hata kidogo.
Ndiyo maana nilimwamini.

Leo anavua viatu kabla sijamwambia.
Ananitazama, bila hasira,
jinsi fundi anavyoutazama ubao uliopinda.
"Afande, lile kabati lilipatikana?"
Lilipatikana, nasema. Mlango wake haufungi.
"Lilete karakana," anasema.
"Wiki ijayo watakuwa wamenipangia kazi."

Nitalipeleka.
Humu ndani hakuna asiyemwamini Ogweno.

Naandika: viatu, jozi moja, vyeusi.
Safu ya hali ya kitu
nimeiacha wazi.