Konzi ya Udongo

Miche mia tatu ya mghafu, hapa Bidiya,
kila mmoja ndani ya mfuko mweusi wa plastiki,
na yote imepiga manjano
kama macho ya mwenye homa ya ini.
Maji ya falaji nimeipa, asubuhi na jioni.
Wavu wa kivuli nimeutandaza.
Wizarani wananijibu: subirini, mbolea iko njiani.

Mimi Raya binti Sleyum, shahada yangu iko ukutani.
Shofiqul ana jembe, na kibali cha miaka miwili.

Nikamsomesha, tumechutama baina ya mistari:
hewa hii, gawa mafungu matano,
karibu manne ni naitrojeni.
Mti umezama humo hadi utosini
na hauwezi kujichotea hata chembe;
mwenye njaa, kafungiwa ghala la makopo
bila ya kifungulio.

Akauliza, kwa Kiarabu chake cha dukani,
"Na anayeufungulia ni nani?"
Nilitaka kusema bakteria.
Nikasema: wadogo. Wadogo sana. Hukaa mizizini.
Akaitikia kwa kichwa,
kama mtu aliyetajiwa jina la mamake.

Wiki ya sita, mstari wa kaskazini ukaota kijani.
Kisha wa pili yake.
Mbolea ilikuwa bado Suhari, bandarini.

Nikachana mfuko mmoja, nikaukung'uta mzizi,
nikausuuza ndani ya kopo la maziwa.
Vinundu. Kama punje za mtama
zilizoshikwa na uzi.
Nikakipasua kimoja kwa wembe:
ndani chekundu, rangi ya ufizi wa mtoto mchanga.
Nilikuwa nikijua, nilifanyia mtihani,
lakini mkono ulinitetemeka:
mti una kitu kama damu
na damu hiyo inatengenezwa kwa ajili ya mgeni.

Mzizi ndio unaoita. Unatoa harufu kizani,
na unywele wake hujikunja
kama kidole kimwitacho mtu.
Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe;
huyu kaja na jembe lake,
akajengewa chumba, akapewa sukari,
na chumba hakina dirisha,
maana hewa ikizidi, kazi husimama.

Nilitazama upande wa mabanda ya wafanyakazi.
Nikayaondoa macho.

"Ni mimi," alisema Shofiqul.
Ijumaa, wenzake wamelala,
alikwenda kwa miguu hadi mghafu mkongwe
nyuma ya uwanja wa mbio za ngamia,
akachimba mpaka kiunoni,
akarudi na gunia la mchele begani.
Konzi moja kila mfuko.
Babake, akipeleka dengu shamba jipya,
hupeleka na udongo wa shamba la zamani,
"zisije zikaona upweke."

Hapo nikamsikia bibi yangu, Pemba, mgongo umeinama:
Kunde hukatwa, mwanangu, haing'olewi.
Mizizi iache, ina deni na muhogo.
Nilikuja Maskati nina miaka tisa,
lugha yangu nikaambiwa niiache getini mwa skuli.
Sikujua kama na kunde nimeziacha hapo hapo.

Kwenye ripoti, mahali pa *mtaalamu*,
niliandika jina lake kamili.
Mudiri akalipitisha kalamu nyekundu:
hapo si pahala pa kibarua.
Nikaliandika tena. Likakatwa tena.
Ripoti ilitoka na jina langu, na mimi sikujiuzulu.

Kibali chake kilimalizika Shaabani.
Alinipa mkono, kucha zina weusi,
akaenda zake na sanduku lililofungwa kwa kamba.

Miche ipo ukingoni mwa mchanga sasa,
mia mbili na tisini na moja, nimeihesabu,
mbuzi wameshaanza kuijua.
Gunia linaning'inia msumarini, nusu yake lina udongo.
Kila Ijumaa nalinyunyizia maji,
kidogo, kwa ncha za vidole.
Sijui kama wadogo wale
huweza kuishi ndani ya gunia, bila mzizi wa kuwaita,
na muda gani.
Vitabu ninavyo. Sijavifungua.